Tumefungua sanduku la maoni la zahanati baada ya miaka mitatu, hakuna hata karatasi moja inayosema dawa hakuna. Kwa nini?

#1 Gunia la Karanga
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mjumbe mpya wa kamati ya usimamizi ya zahanati, kijiji kimoja hapa Uyui, sitakitaja maana humu kuna ndugu. Juzi tumefungua sanduku la maoni. Lile la mbao lenye kufuli dogo, limetundikwa karibu na dirisha la dawa, rangi ya bluu imeshababuka. Ufunguo hakuna. Mganga mfawidhi anasema alikabidhiwa zahanati bila ufunguo, mwenyekiti wa kamati iliyopita anasema alimpa mtendaji, na mtendaji huyo alishahamia wilaya nyingine. Tukavunja kwa nyundo.

Kwanza walitoka nyigu, wamejenga humo kabisa, mama mmoja mjumbe kachomwa kidoleni akaanza kupewa huduma ya kwanza palepale. Chini ya nyigu karatasi saba. Ya kwanza mtu anamshukuru nesi aliyemzalisha mke wake usiku wa mvua, nyingine mtu anaomba kazi ya ulinzi na kaandika mpaka jina la mdhamini, mbili zinasema choo cha wanawake hakina mlango (miandiko tofauti), moja inasema "mpunguze simu", moja ni mkeka wa kubeti uliochanika, na ya saba imeandikwa tu "4,500". Hakuna kingine, mbele wala nyuma.

Sasa swali langu. Kijijini kwetu ukikaa kilabuni, kisimani, kwenye bao, wimbo ni mmoja, zahanati haina dawa, unaandikiwa kikaratasi ukanunue dukani. Miaka mitatu hakuna hata mmoja aliyeandika hilo. Mganga akasema mmeona, dawa zipo, watu wana maneno tu. Mimi sikubali ila jibu sina. Tulibishana mpaka giza.

#2 Toronto Boy
Hao nyigu ndio wajumbe wa kudumu wa hiyo kamati, nyie mmekuja juzi tu mnawavunjia ofisi. Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Kiberiti
Mbona rahisi. Mtu akiandika anajulikana mwandiko. Kijiji kizima wanaoandika vizuri mnawafahamu kwa majina. Mimi siku moja nilisema tu kwa sauti pale dirishani, jamani tangu saa mbili tupo hapa na saa hizi ni saa sita, sikumtukana mtu. Wiki iliyofuata mke wangu kaenda kliniki na mtoto akaulizwa "wewe si mke wa yule mwanasheria?" Mtoto alipimwa wa mwisho. Mpaka leo naitwa Mwanasheria na shule nimeishia la saba. Nani ataandika tena?

#4 Bw. Klasifaya
Hapo kwenye woga sikubaliani na Kiberiti. Niko Urambo, wakulima wa tumbaku. Njoo kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, uone, mtu anasimama anamwambia mwenyekiti usoni robota langu mmelishusha daraja, anadai makato shilingi kwa shilingi, na mwenyekiti huyohuyo ndiye anayemgawia mbolea msimu ujao. Mbona haogopi? Anajua ile ni hela yake. Zahanati anaona ni ya serikali, amepewa, akikosa anasema leo sikubahatika anarudi nyumbani. Kisicho na jasho lako hukidai.

#5 Mwisho wa Reli
Mwakeye ndugu zangu wa Tabora. Nyie mnaandika karatasi? Huku Kigoma tunampigia diwani saa nne usiku mpaka anazima simu.

#6 Mzee wa Igunga
Klasifaya nakusahihisha kidogo mwanangu. CHF, mfuko wa afya ya jamii, imeanzia hapa kwetu Igunga mwaka 1996, wilaya ya majaribio nchi nzima, sheria yake ikaja 2001. Tulilipa kwa mfuko wetu. Na serikali ilikuwa inaongeza kiasi kilekile mlichochanga, tukaita tele kwa tele. Jasho lilikuwepo. Na miaka ya mwanzo ni kweli watu waliuliza sana, mimi nilikuwa kwenye kamati ya kata, mtu anakuja na kadi yake anaipiga mezani, hela yangu iko wapi. Baadaye wakanyamaza. Na walikuwa bado wanalipa! Kwa hiyo hiyo nadharia ya jasho inatoboka.

Mimi naona kilichobadilika ni umbali. Zamani hela ilikaa karibu, mnajua ipo kiasi gani. Ilipokuja ile CHF iliyoboreshwa, ya elfu thelathini kwa kaya ya watu sita, hela ikawa inasafiri juu kwanza ndiyo irudi. Mtu hawezi kudai kitu asichokiona kilipo.

#7 Afisa Mezani
Nafanya kazi halmashauri moja, sitasema ipi. Mzee heshima yako, ila hela kuwa mbali siyo kote. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wahisani zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipiti tena wilayani. Mpango na bajeti ya zahanati inapitishwa na kamati, yaani na huyu mleta mada na wenzake. Mganga mfawidhi ni katibu tu. Kwa hiyo mkuu Gunia, kabla ya kuuliza kwa nini watu hawaandiki, uliza kamati iliyopita ilikuwa inapitisha nini. Nimeona muhtasari wa kikao umeandikwa na katibu, wajumbe wanaletewa nyumbani wasaini, mmoja kasaini akiwa shambani juu ya mgongo wa jembe.

Na la dawa, wengi wanalaumu bohari ya dawa ya serikali peke yake. Zahanati inaagiza kwa kadiri ya hela iliyopo na makadirio yake. Kitu kikikosekana bohari kuna mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, mnanunua kwake kwa utaratibu. Sasa kama makadirio yalikosewa tangu mwanzo, mtalia na nani.

#8 Kiberiti
Mmeona wenyewe. Anayelalamikiwa ndiye katibu wa kamati, ndiye anayeandika muhtasari, na sanduku liko ukutani kwake. Halafu mnashangaa nyigu.

#9 Nesi Mkorofi
Hodi humu. Nimestaafu, nimefanya kazi zahanati za Kasulu na Kibondo miaka thelathini na moja. Jina nimejipa mwenyewe kabla hamjanipa.

Nianze na sanduku. Masanduku mengi mnayoyaona yaliwekwa au yalipakwa rangi ilipokuja ile tathmini ya kuvipa vituo nyota kwa ubora, 2015 kwenda 2016. Wakaguzi walikuwa wanaangalia pia kama wateja wana njia ya kutoa maoni. Basi fundi akaitwa, sanduku likapigwa misumari. Halikuwekwa kwa ajili ya kusomwa.

La pili, Kiberiti anasema kweli na mimi ni ushahidi. Kituo kimoja nilifungua sanduku nikakuta "yule nesi mnene ana mdomo". Nilijua palepale ni nani. Yule binti nilimfundisha mwenyewe kuandika jina lake kwenye kadi ya kliniki, herufi a yake ina mkia kama mjusi. Nilicheka mbele ya wenzangu. Lakini nilimnunia miezi, nawaambia ukweli, akija nampa huduma yote ila neno la ziada hapati. Yeye hakujua kosa lake. Nikikumbuka naona aibu.

Ila mniulize na mimi. Siku hiyo nilikuwa peke yangu na mhudumu mmoja. Mama yuko chumba cha kujifungulia, nje kuna watoto ishirini wa chanjo, vitabu vya MTUHA vya takwimu za wagonjwa vinanisubiri, na kuna baba amekuja na jino. Mdomo unatoka wapi kama siyo hapo?

#10 Toronto Boy
Bibi huo ndio ukachero. Wangekupeleka polisi kitengo cha miandiko.

#11 Dada wa Ujiji
Samahani nimesoma post ya kwanza mara mbili. Karatasi saba, mbili zinasema choo cha wanawake hakina mlango. MBILI. Na mleta mada anauliza kwa nini hawakulalamika. Wamelalamika! Ila siyo lile ulilotaka kusikia.

Dawa nikikosa zahanati naenda dukani, nakopa, nauza kuku, nitaipata. Mlango wa choo nitaununua duka gani? Mjamzito wa miezi minane anaambiwa alete mkojo kwenye kikopo, choo hakina mlango, wanaume wamekaa mwembeni wanatazama huko. Khanga anashikiwa na nani? Wewe kaka umeliona la dawa kwa sababu ndilo linaloongelewa kilabuni, na kilabuni mmekaa wanaume.

#12 Gunia la Karanga
Dada wa Ujiji umenipiga. Ni kweli kabisa, kwenye kikao mwenyekiti alisema hilo dogo tuendelee, na mimi nikaendelea. Mlango ulikuwepo, mchwa wamekula fremu, ukaanguka, mlinzi akaugeuza benchi. Ninaukalia kila kikao.

#13 Toronto Boy
Jamaniiii anakalia ushahidi.

#14 Mama Pacha
Naungana na dada hapo juu. Mimi nipo Uvinza upande wa ziwani, kwetu kwenda kituo kikubwa ni boti. Kwenye 4,500 mimi nina mawazo yangu. Kujifungua kwa serikali ni bure, hata redio inasema. Lakini ukifika uwe na glavu, pamba, wembe, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu. Usipokuwa navyo kuna mtu anavyo anakuuzia. Huyo aliyeandika 4,500 kaandika alichotozwa. Hakuongeza neno kwa sababu mwenye kuelewa ataelewa.

#15 Bw. Klasifaya
Au ni deni. Kuna mtu pale zahanati anadaiwa karanga na mleta mada.

#16 Kiberiti
Naungana na Mama Pacha. Hiyo ni hela ya mlangoni. Pigeni 113 TAKUKURU waje.

#17 Afisa Mezani
Taratibu Kiberiti. Namba peke yake siyo ushahidi. Inaweza kuwa ada halali ya mtu mzima asiye na bima, kumuona mganga na kipimo, akaona kubwa. Wanaosamehewa ni wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa sitini kwenda juu wasio na uwezo, wengine wanachangia tangu sera ya uchangiaji ya 1993. Kituo kinatakiwa kubandika bei ukutani. Mleta mada, bei zimebandikwa?

#18 Gunia la Karanga
Kuna karatasi ilibandikwa, mvua ilipiga dirishani wino umeshuka wote. Inasomeka "MALIPO" tu.

#19 Mwisho wa Reli
Hahaha basi si mmejibiwa. Hiyo 4,500 ni nauli ya boda kwenda na kurudi. Mtu kaja kakuta pamefungwa, kaandika hasara yake, kaondoka.

#20 Asali Mbichi
Hii ya Mwisho wa Reli imeniingia zaidi ya zote aisee. Sikonge kuna sehemu mtu anatembea masaa matatu porini, anafika saa nane mchana anaambiwa mganga yuko semina. Anaandika nini zaidi ya hasara? Naongezea na jingine, wakuu sisi siyo watu wa karatasi. Jambo la maana husemwa kwa mdomo, chini ya mti, mbele ya watu wazima. Angalia sungusungu, ilianza kwetu huku miaka ya themanini bila karatasi wala sanduku, yowe likipigwa hakuna anayebaki ndani. Fanyeni mkutano wa kijiji muone kama hawatasema.

#21 Dada wa Ujiji
Watasema kina nani? Mkutano wa kijiji wanawake tumekaa nyuma chini, mwenyekiti anauliza "kina mama mna la kuongeza" wakati watu wameshasimama wanakung'uta suruali. Hilo la mti ni zuri kama wewe ndiye mwenye kivuli.

Halafu ngoja niwaambie kitu, kwetu Kigoma kulikuwa na mradi wa afya ya uzazi, Bloomberg ya Marekani ilikuwa inafadhili mpaka 2019. Wakaleta utaratibu mama akiwa chumba cha kujifungulia anakuwa na mwanamke wa kumshika mkono, kumsugua mgongo, kumpa maji. Mimi nilizaa wa pili kipindi hicho. Wa kwanza nilizaa peke yangu natazama paa, nahesabu misumari. Wa pili alikuwepo mama mmoja sijawahi kumjua, ananiambia pumua mwanangu, pumua. Sasa niulizeni, wa kwanza niliandika kwenye sanduku kwamba nataka mtu wa kunishika mkono? Sikujua kama ni kitu cha kuombwa! Mtu halalamikii asichojua kama kinawezekana.

#22 Nesi Mkorofi
Dada umenigusa. Mwanzo sisi manesi tulipinga, tukasema watatujazia chumba. Baadaye ndio waliotupunguzia kazi.

#23 Mwalimu wa Zamu
Mada nzuri. Haya mambo dunia nzima yanawasumbua. Tamko la Alma Ata la 1978 lilisema watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao za afya. Brazil sheria yao ya 1990 inataka mabaraza ya afya nusu ya wajumbe wawe watumiaji wa huduma. Malawi 2002 shirika la CARE likaanzisha kadi ya alama ya jamii, wananchi wanakaa peke yao wanatoa alama, watumishi nao peke yao, halafu mnakutana mnalinganisha na kuandika nani afanye nini mpaka lini.

#24 Toronto Boy
Brazil imefikaje Uyui mwalimu? Sisi tunatafuta mlango.

#25 Kiberiti
Hiyo ya alama ilifika kwetu. Karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, soda moja moja, fulana. Tulitoa alama mbili juu ya kumi, wakaandika, wakapiga picha, hatujawaona tena. Fulana ninayo, nalimia.

#26 Nesi Mkorofi
Kwetu ilifanyika vizuri lakini, usitupe yote Kiberiti. Waliweka sherehe kando. Wananchi walitupa alama ya chini kwenye lugha, iliuma, usiku sikulala. Na sisi tukawapa ya chini kwenye kuhudhuria kliniki mapema, wakanuna na wao. Tukakubaliana chanjo ianze saa moja na nusu badala ya kusubiri watu wajae. Chupa ya surua ukishaifungua ina masaa yake, ndiyo maana tulikuwa tunasubiri watoto wafike idadi. Hawakujua. Walidhani tunapiga soga. Kumbe miaka yote hakuna aliyewaambia, na mimi nikiwemo.

#27 Bw. Klasifaya
Hii ya chupa hata mimi sikujua. Nilishagombana na mtu kwa hili.

#28 Mtoto wa Stesheni
Mkuu Gunia la Karanga samahani, hiyo zahanati mbele ina mwembe mkubwa, pembeni kuna boma la nyumba ya mganga halijaezekwa, mbuzi wanalala humo? Na wewe una baiskeli ya kijani?

#29 Gunia la Karanga
Ndugu yangu nakuomba sana.

#30 Mtoto wa Stesheni
Hahaha sisemi kitu. Ila lile boma nimebeba tofali zake nikiwa darasa la sita, tulisimamishwa masomo wiki nzima. Sasa nina watoto wawili. Watu wa pale hawalalamiki kwa sababu walishachanga nguvu wakaona zimeishia kwa mbuzi. Muulizeni baba yangu kuhusu zahanati atawaonyesha boma kwa kidole, hasemi neno.

#31 Mwisho wa Reli
Maboma haya yapo nchi nzima, ule mpango wa 2007 wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, wananchi tukajenga kuta tukaambiwa halmashauri itamalizia. Kwetu moja limeota mpapai ndani, mapapai matamu kweli. Ndio maana nasema diwani, anaogopa kura. Sanduku halipigi kura.

#32 Kiberiti
Diwani wenu anazima simu, umesema mwenyewe #5.

#33 Mwisho wa Reli
Mwaka wa uchaguzi anaiacha wazi, tena anapokea yeye mwenyewe.

#34 Mzee wa Igunga
Mmenikumbusha mbali. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vinakaa kwenye redio jioni, mnasikiliza, mnajadili, kesho mnachimba choo. Watu kama milioni mbili nchi nzima walijiunga. Mimi nilikuwa kijana nashika taa ya chemli watu wazima wasome kitabu. Hakuna aliyetuita kutoa maoni, tuliitwa kufanya kazi, na maoni yakatoka humohumo kazini. Labda kosa ni kumuita mtu aje tu kulalamika.

#35 Kiberiti
Mzee na ambaye hakuchimba alifanywa nini?

#36 Mzee wa Igunga
Hilo nalo lilikuwepo.

#37 Asali Mbichi
Kwa anayetaka asali ya nyuki wadogo ninayo, inbox.

#38 Mama Pacha
Moderator futa #37. Bei gani lakini?

#39 Gunia la Karanga
Wakuu nimerudi, zimepita kama wiki tano, nilisema nitaleta mrejesho.

Mlango umewekwa, wa bati, una komeo la ndani. Hela imetoka kwenye makusanyo ya zahanati, kamati tukapitisha kwa dakika tano, na miaka yote ulikuwa unasubiri hizo dakika tano. Bei zimebandikwa ndani ya kioo.

Halafu tulisoma zile karatasi mkutano mkuu wa kijiji, Dada wa Ujiji nilikusikiliza, tukaanza na kina mama kabla ya mtu yeyote. Kukawa kimya kwanza. Akasimama bibi mmoja muuza vitumbua, hakulalamika, akauliza tu, dawa zinapokuja huwa anazihesabu nani? Mganga akajibu kwa utaratibu wajumbe wa kamati wanashuhudia mapokezi na kusaini. Akatoa hati, zipo kwenye faili, kila awamu zimesainiwa na wajumbe wawili wa kamati ya zamani. Hao wajumbe wapo hapohapo mkutanoni. Mmoja akasema saini ni yake lakini boksi hajawahi kufungua hata moja, alikuwa anapitiwa na karatasi nyumbani, Afisa Mezani ulijuaje. Mwingine akasema saini siyo yake kabisa.

Hapo ndipo palichafuka. Wengine wanasema dawa ziliibiwa. Mganga anasema njooni tukague leja pamoja, zahanati imepangiwa watu wa kijiji kimoja lakini vijiji viwili vya jirani vinatibiwa hapa, kipindi cha mvua malaria ikipanda dawa mseto na ya watoto zinaisha wiki ya tatu. Na tulihesabu kwenye rejesta ya wagonjwa, ni kweli karibu nusu siyo wa kwetu. Sasa wengine wameanza kusema wa vijiji vya jirani wafukuzwe, na mimi mke wangu katoka kijiji cha jirani. Kwa hiyo sijui. Tumepanga wajumbe watatu, mmoja ni yule bibi wa vitumbua, mzigo ukija wahesabu boksi kwa boksi. Mzigo ni wa mwezi ujao.

#40 Kiberiti
Saini siyo yake na mnasema sijui? Hapo ni polisi.

#41 Afisa Mezani
Andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa bodi ya afya ya halmashauri, ambatanisheni muhtasari. Na ombeni idadi ya watu wanaohudumiwa irekebishwe kwenye mpango wa mwaka ujao kabla dirisha la bajeti halijafungwa. Msiende kwa maneno matupu.

#42 Bw. Klasifaya
Yule bibi mpeni uenyekiti. Vitumbua vinauzwa kwa kuhesabu, hatadanganywa.

#43 Nesi Mkorofi
Na mganga naye msimuache peke yake. Aliyefungua leja mbele ya watu siyo wa kumtupia mawe kwanza. Nyumba yake mbuzi wanalala, muezekeeni.

#44 Mtoto wa Stesheni
Hapo kwenye kuezeka mimi natoa bati tano. Nina hasira na lile boma.

#45 Dada wa Ujiji
Ahsante kwa mlango kaka. Na sanduku?

#46 Gunia la Karanga
Tumetengeneza jipya, ufunguo mmoja kwangu mwingine kwa bibi, halifunguki bila zote mbili. Tumelihamishia chini ya mwembe mbali na dirisha la dawa. Jana tumelifungua mara ya kwanza. Karatasi moja tu. Imeandikwa "3,000".

#47 Toronto Boy
Bei imeshuka!! Kamati inafanya kazi.

#48 Mama Pacha
Mwandiko ni uleule?

#49 Gunia la Karanga
Kalamu ni ya bluu kama ile. Lakini ni tatu na sifuri tatu dada, nani atajua?

#50 Nesi Mkorofi
Piga picha uniletee inbox. Halafu hapana, usilete.